Mtoto wa Ngapi

Nguo nyeupe haina siri kwa dobi. Aliyekula kwa pupa, kola inamsema; aliyejifutia machozi, mkono wa nguo unamsema. Ndiyo maana yule dobi kijana, ambaye kibanda chake kilikuwa katikati ya makanisa mawili, aliyajua mambo ya waumini wa mtaa ule kuliko walivyodhani. Kanisa la mlimani, wanakobatiza watoto wachanga kwa maji kidogo ya utosini, lilimletea kanzu za padri na vitambaa vya altare. Kanisa la bwawani, wanakobatiza watu wazima kwa kuwazamisha mwili mzima, lilimletea majoho meupe ishirini na manne, kila moja na namba ya uzi mwekundu ndani ya kola. Alishaonywa na pande zote mbili asichanganye, basi aliloweka za mlimani beseni lake na za bwawani beseni lake. Sabuni ilikuwa moja.

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alizamishwa miaka miwili nyuma ndani ya joho namba kumi na tisa. Mama mkwe, aliyefagia na kupiga deki wodi ya wazazi mpaka alipostaafu miezi michache nyuma, alikuwa wa mlimani wa kutupwa. Na dobi mwenyewe alibatizwa mlimani akiwa na wiki tatu, habari ambayo aliiamini kwa sababu aliambiwa, kama vile mtu anavyoamini tarehe yake ya kuzaliwa. Katikati ya watu hao watatu alikuwapo mtoto wa miezi miwili, amelala kwenye kapu kubwa la nguo, juu ya mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi.

"Hodi hapo! Mume wangu yuko wapi?" Mama mkwe aliingia bila kungoja kukaribishwa.

"Shikamoo mama. Yuko kapuni, amelala."

"Marahaba. Mume gani huyu, kutwa kulala! Na mpaka leo mpagani." Alimwinamia mjukuu wake akamgusa kidole cha mguu. "Mkwe wangu, Jumamosi ndiyo mwisho wa kuandikisha, na siku hiyo hiyo wanabatiza. Nimeshazungumza na katekista."

"Baba yake anasema tusubiri akue, achague mwenyewe."

"Achague! Huyu anayejichafua akacheka? Wewe ulipomzaa ulimsubiri akue ndipo umwogeshe?"

Dobi aligeuza pasi, akaitemea mate kidogo kupima joto, ikachachatika. Kunyamaza kwake watu walikuzoea, kila mtu akakutafsiri apendavyo. Mama mkwe alisema ni woga wa mume. Mume alisema mkewe ameanza kuelewa Neno. Wote wawili walikosea, na yeye hakuwa na namna ya kuwasahihisha bila kutaja jambo ambalo nyumbani mwao halikutajwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla ya huyu alikuwapo mwingine. Alizaliwa mwaka uliotangulia, kabla ya siku zake, akaishi siku tatu kwenye chumba cha watoto dhaifu, akaondoka bila jina na bila tone la maji utosini. Wa mlimani walikuja kuzika, wakasali sala fupi, sauti za chini, kama watu wanaopita karibu na mgonjwa aliyelala. Wa bwawani nao wakaja, wakaimba kwa nguvu kwamba malaika amerudi kwao. Dobi alisimama katikati, maziwa yakimchuruzika ndani ya blauzi, asijue ashike sauti ipi.

Sasa ukimbatiza huyu wa pili ili awe salama, umesema nini juu ya yule wa kwanza? Hapo ndipo uzi ulipokatikia kila alipojaribu kufikiri. Ikiwa maji ni lazima, yule yuko wapi? Na huyu akipewa kile ambacho ndugu yake hakupewa, si utakuwa umewatia ukuta katikati kwa mkono wako mwenyewe? Afadhali wakose wote. Afadhali wawe pamoja, popote pale.

Alasiri mchungaji wa bwawani alikuja kuchukua majoho. Alikuwa mtu mcheshi, na alipenda kuyahesabu mwenyewe.

"Bwana asifiwe, dada!"

"Amina. Mchungaji, naomba kuuliza. Mtoto mchanga ana dhambi?"

"Hana. Atubu nini, naye hajui kuchagua? Akijua, atatubu, ataamini, atazaliwa mara ya pili, ndipo abatizwe."

"Na mimi niliyebatizwa mchanga?"

"Wewe ulilowanishwa tu, dada yangu," akacheka, ila si kwa ubaya.

"Basi wakati ule sikuwa na dhambi, nikalowanishwa bure. Sasa ninazo. Zilianza lini?"

"Ulipopata akili ya kujua jema na baya."

"Ndiyo miaka mingapi?"

"Inategemea na mtu."

"Na aliyezamishwa kisha akarudia mambo yake? Namba saba nimelifua mara mbili, na mvaaji ni yule yule. Kaacha mafuta ya nywele yale yale kolani."

Mchungaji alikohoa. "Yule mara ya kwanza alizama mwili, moyo ukabaki ukingoni."

"Nani aliuona ukibaki?"

"Ee dada, wewe ungekuwa wakili! Njoo Jumatano, tufundishane." Akarudi kwenye majoho yake, akaanza kuhesabu upya kwa sababu hesabu ilishampotea.

Dobi alibaki ameshika pasi hewani. Swali alilotaka kuuliza hakuliuliza. Aliogopa angejibiwa vizuri, kwa maneno matamu, na utamu usingemshuka kooni.

Jumamosi ilipofika, vitambaa vya altare vilikuwa tayari, na kazi haina dini: lazima vipelekwe. Dobi akambeba mtoto, mama mkwe akatangulia na kitenge chake cha kutokea, na fundi akachukua mzigo wa vitambaa ingawa hakuombwa.

"Nakuja kubeba mzigo tu, mama watoto," alimwambia mkewe njiani. "Na kuhakikisha hakuna atakayetia saini kitu."

"Mzigo wenyewe kilo mbili," mama yake alisema bila kugeuka. "Mwanaume wa kuinua mageti!"

Ofisi ya kanisa la mlimani ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, kabati lisilofunga sawasawa, na meza ambayo mguu wake mmoja uliwekewa kipande cha tofali. Katekista alikuwa mzee mwembamba, miwani yake ikining'inia kwa uzi wa viatu. Alipokea vitambaa, akavisifu, kisha, maana mama mkwe alikwisha kuketi mbele yake, akafungua daftari kubwa la ubatizo.

"Sijasema nimekuja kuandikisha," dobi alisema.

"Kuandika si kubatiza," mama mkwe akajibu. "Andika, katekista. Wino utakauka."

Fundi akasafisha koo kutaka kusema. Katekista, ambaye katika miaka yake mingi alikwisha kuona ndoa zikigombana juu ya meza ile, aliuliza upesi maswali yasiyo na ugomvi: amezaliwa lini, amezaliwa wapi. Mama mkwe alijibu yote. Kisha katekista akasoma safu iliyofuata.

"Mtoto wa ngapi?"

"Wa kwanza," mama mkwe akasema.

"Wa pili," dobi akasema.

Yalitoka pamoja, na kalamu ikasimama.

"Wa ngapi?" katekista akauliza tena, akiwatazama mmoja mmoja juu ya miwani.

"Wa pili." Dobi alishangaa kuisikia sauti yake ikijaza chumba. "Nimezaa mara mbili. Kama daftari hili halina nafasi ya yule, basi halina nafasi ya huyu. Mkitaka ukweli wangu, nitawaambia. Si kwamba namfuata mume wangu, na si kwamba nimeelewa Neno. Sitaki mmoja awe ndani na mwenzake awe nje. Basi."

Fundi aliweka mkono ukutani. Hakujua. Alidhani ule ukimya wa mkewe ulikuwa upande wake.

Ndipo mama mkwe alipofungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena.

"Andika wa pili," akasema. "Yule nilimbatiza mimi."

"Ulimbatiza?" Fundi akasogea. "Lini? Kwa ruhusa ya nani?"

"Siku ya tatu, alfajiri. Nilikuwa zamu. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nikamwagia, nikasema maneno."

"Kwa maji gani?" katekista akauliza.

"Ya dripu. Yalibaki kwenye chupa ya mgonjwa wa jirani. Bomba lilikuwa halitoki."

Katekista akavua miwani. "Ya dripu yana chumvi."

"Na baharini je? Hapabatizwi mtu?"

"Sijasema hayafai. Nasema yana chumvi. Wakati wa hatari mtu yeyote anaweza kubatiza, akiwa na maji, na maneno, na nia. Ila..." Akashusha sauti. "Alikuwa hai?"

Mama mkwe aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ndio ulioulizwa.

"Ulikuwa unatetemeka huu. Nilihisi kitu kikitikisika. Sijui ni yeye, sijui ni mimi. Ndiyo maana sikusema. Huyu," akamwonyesha fundi kwa kidevu, "angenipigia kelele kwa kubatiza. Na wewe, katekista, ungeniuliza hilo hilo ulilouliza. Nikaona bora niseme mtoto hakuwapo."

Dobi alikaa kwenye benchi. Kitu kilimpanda kifuani, akadhani ni furaha. Kikageuka, akadhani ni hasira, kwa mwaka mzima wa kufichwa. Kisha kikamjia kingine, cha aibu: ikiwa amefurahi, basi siku zote zile alikuwa ameamini kwamba mwanawe yuko nje. Na hata sasa, kwa tetemeko moja la mkono, nani angemwapia?

"Mwanangu yuko wapi?" akauliza. Hatimaye aliliuliza lile swali, na hakumuuliza mtu mmoja.

"Tumemkabidhi kwa huruma ya Mungu," katekista akasema.

"Yuko mikononi mwa Mungu," fundi akasema wakati ule ule.

Wakatazamana, kama watu waliogongana mlangoni.

Kutoka upande wa kanisa ilisikika kengele ndogo. Wazazi wengine walikwisha kujipanga, na padri alikuwa akiuliza kama wamebaki wengine. Mtoto akaamka, akapiga chafya.

"Basi na huyu abatizwe," dobi akasema, akainuka. "Hivyo hivyo. Yule alipata bila mtu kuwa na hakika, na huyu apate bila mimi kuwa na hakika. Wawe sawa."

"Mama watoto," mumewe akasema taratibu, "unajua mimi siamini kwamba..."

"Najua. Akikua, akitaka kuzama, mzamishe. Joho nitalifua mimi."

"Abatizwe mara ngapi? Yeye shuka?" mama mkwe akanung'unika, lakini sauti haikuwa na meno.

"Na mimi nisimame wapi?" fundi akauliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa.

Dobi akachomoa taulo begani, akampa. "Simama hapa karibu na mimi. Maji yatamwingia machoni."

Fundi alilipokea kwa mikono miwili yenye madoa ya moto, akalishika kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Katekista alikuwa bado anaandika. Dobi, ambaye kusoma kwake kuliishia darasa la saba lakini mstari uliopinda haukumpita, aliinama juu ya daftari. Mtoto wa ngapi: wa pili. Juu ya mstari huo palikuwa na mwingine mtupu, kati ya mwanawe na mtoto wa watu wengine.

"Mbona umeruka mstari?"

"Uzee," katekista akasema, akafunga daftari polepole ili wino usipakae. "Nimekosea."