Shaba Chini ya Fedha

Shangazi aliitoa nishani kwenye kikasha cha miwani, akaiweka juu ya meza ya kazi, akasema kabla hata hajaketi, "Huyo ni babu yako. Mshike kwa adabu."

"Shikamoo kwanza, Shangazi."

"Marahaba. Haya, mshike."

Mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa meza akavaa glavu. Kazi yake pale makumbusho ilikuwa kusafisha na kutunza vitu vya metali, na wenzake walimbandika jina la Gramu kwa sababu hawakuwahi kumsikia akisema kitu ni kizito. Atasema uzito wake, na mizani ikikosekana atanyamaza. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Nyumbani kwa Shangazi nishani ile ilikaa kabatini, nyuma ya glasi za wageni, na kila Jumamosi ilisuguliwa kwa kitambaa cha flana. Gramu hakuruhusiwa kuigusa. Sasa, akiwa na miaka arobaini na miwili, aliishika kwa mara ya kwanza, na tatizo likaanzia hapo hapo mkononi.

Ilikuwa nyepesi mno.

Wiki ile alikuwa amepima nishani tano za vita hivyo hivyo, Vita Kuu ya Kwanza, zote za fedha, zenye upana ule ule na mfalme yule yule wa Waingereza anayetazama kushoto. Zote zilikuwa na gramu thelathini na mbili, au karibu sana na hapo. Hii, juu ya mizani, ikasema ishirini na saba. Akaigeuza chini ya lenzi. Ukingoni, pale flana ilipopita kwa zaidi ya miaka sitini, fedha ilikuwa imelika, na chini yake palionekana wekundu wa shaba. Jina la babu lilikuwapo, limepigwa kwa herufi ndogo, likifuatwa na namba yake na kikosi chake.

Maonyesho ambamo nishani ingewekwa yalikuwa yafunguliwe Alhamisi. Kadi ya maelezo Gramu alikuwa ameshaiandika, kama Shangazi alivyomsomea kwenye simu: askari, mpiganaji, nishani ya fedha. Ikibaki hivyo itamdanganya kila atakayepita. Ikibadilishwa, Shangazi atairudisha nishani kwenye kikasha chake na kuondoka nayo, na Gramu alimjua vizuri. Aliwahi kumnunia kaka yake miezi kumi na moja kwa sababu ya jiko la mafuta.

"Mbona kimya?" Shangazi aliuliza. "Nakujua wewe. Tangu mdogo, ukiwa na la kusema pua inakusinyaa."

"Shangazi, hii si ya fedha."

"Najua."

Gramu akainua macho.

"Mimi ndiye niliyeipeleka kwa sonara," Shangazi alisema, akijiweka sawa kwenye kiti kama mtu aliyesubiri kuulizwa kwa miaka. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza unesi. Jirani yetu mmoja, tulimwita Bwana Gwaride maana hata akienda kutupa takataka alipiga hatua, alikuwa na nishani kama hii, ya fedha. Akipita nayo kifuani, kuku wenyewe wanampisha. Ya baba ilikuwa rangi ya sufuria. Nikajua tu makarani wamemkosea, na baba hakuwa mtu wa kudai haki yake. Nikaichukua kimya kimya, nikaichovya fedha, nikamletea imefungwa kwenye leso."

"Akasema nini?"

"Asante sana, mwanangu. Akaivaa siku ile mpaka jioni. Kesho yake akanikabidhi niitunze mimi, akasema kwake itapotea. Wana wote wale, akanipa mimi." Akatabasamu. "Hakuivaa tena."

Gramu akavua glavu. Hakujua namna ya kuzungusha maneno, hivyo hakuyazungusha. "Makarani hawakukosea. Waliobeba bunduki walipewa za fedha. Waliobeba mizigo walipewa za shaba, kwa amri iliyoandikwa. Hapa ukingoni, baada ya namba yake, ni kikosi cha wapagazi."

Shangazi akanyoosha mkono, akapewa lenzi. Alisoma polepole, midomo ikitembea, akarudia tena.

"Yeye alipigana," alisema.

"Alikuambia hivyo? Kwa maneno hayo?"

Hakuna mtu mwingine ambaye angemhoji Shangazi namna ile akabaki salama. Lakini safari hii alifikiri. "Hapana. Alisema alikwenda vitani. Ya bunduki niliyaanza mimi shuleni, kisha nikayazoea." Akaweka lenzi chini. "Utosini alikuwa na kipara cha duara, kigumu kama kisigino. Tukimuuliza anasema kofia ya chuma ilimnyoa."

"Askari wetu wa vita hivyo hawakupewa kofia za chuma. Zilikuwa za kitambaa."

Kiganja cha Shangazi kikapanda taratibu mpaka juu ya kilemba chake, kikatulia hapo.

"Mzigo ulikuwa na uzito gani?"

"Kilo ishirini na tano, kwa orodha tulizo nazo. Risasi, unga, mara nyingine kitanda cha ofisa. Juu yake mkeka wake na chakula chake. Alikaa huko miezi kumi na tisa. Katika kikosi chake, karibu mmoja kati ya watano hakurudi. Wengi ni kuhara, si risasi."

"Kuhara," Shangazi alisema, kwa sauti ya nesi anayepokea zamu. Kisha akasema, chini zaidi, "Na mimi nikamletea fedha kwenye leso. Nikamwambia, baba, sasa umefanana na Bwana Gwaride."

Gramu akabeba kiti chake, akakileta upande wa pili wa meza, jambo ambalo kanuni za chumba kile zilikataza, akaketi bega kwa bega naye.

"Aliivaa mpaka jioni, Shangazi."

"Kwa ajili yangu."

"Hilo sina karatasi yake. Lakini ndiyo."

Shangazi akaigusa nishani kwa ncha ya kidole.

"Unaweza kuitoa hiyo fedha?"

"Naweza, ila hatutoi. Yale ambayo kitu kimefanyiwa ni historia yake pia."

"Basi watu wataona kosa langu."

"Tusipoandika, wataona nishani ya askari."

Shangazi akakitazama kikasha cha miwani, akakichukua. Gramu hakusogea. Shangazi akakifunga kikiwa kitupu, akakitia kwenye mkoba.

"Leta kalamu. Nasema mimi, unaandika wewe, na usinipunguzie neno."

Kadi ikasema: Mpagazi. Alibeba kilo ishirini na tano kichwani kwa miezi kumi na tisa. Nishani yake ni ya shaba. Ilichovywa fedha na binti yake, ambaye hakumuuliza. Aliivaa siku moja.

"Hilo la kutokuuliza ni lazima?" Gramu aliuliza.

"Kwani mtu wa ukweli humu ndani ni nani, mimi au wewe?"

Mkuu wa maonyesho alisema kadi imezidi mistari miwili, na ya binti ikatwe. Gramu akamjibu kwamba herufi zitapunguzwa. Zikapungua kiasi kwamba siku ya ufunguzi watu waliinama, wakakunja nyuso, wakalalamika. Shangazi, aliyekuwa ameketi kando ya kabati la vioo tangu milango ifunguliwe, akawa anawasomea, kundi baada ya kundi, toka neno la kwanza mpaka la mwisho.