Mwalimu Abdiel Aacha Kulima Uwanja

Tangu bega lake la kulia lipasuliwe, Mwalimu Abdiel hakuweza tena kuutuma mpira wa gofu mbali. Alichobakiwa nacho ni mapigo mafupi ya karibu na shimo, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakimshinda tangu zamani. Alichimba udongo nyuma ya mpira kama anayeandaa shamba la mahindi, mpira ukabaki pale pale ukimtazama.

Basi akaamua moyoni. Angecheza shindano la wawili wawili la Jumamosi na rafiki yake Lengai, na akiboronga, angemwambia kwa heshima atafute mwenzake mwingine, naye gofu ingekuwa basi. Hakumwambia mtu ila mkewe, maana Hedwiga hafichwi kitu.

"Baba Princess, unalima," Hedwiga alimwambia, akimtazama anavyofanya mazoezi kwenye majani kati ya migomba na kahawa, hapo kwao Nkoaranga. "Unainua juu, unashusha kwa nguvu zote, halafu unataka mpira uruke!"

"Sasa nifanyeje, Mama Princess?"

"Gofu mimi siijui. Lakini jembe nalijua, na hilo ni jembe."

Neno hilo lilimuuma, kisha likamsaidia. Mtu aliyekulia kwenye mtelemko hukaza mikono kwenye mpini asije akateleza, naye alikuwa akiikaza fimbo ya gofu vivyo hivyo. Akalegeza mikono. Akaegemea mguu wa kushoto, akairudisha fimbo nyuma kidogo tu, akaiacha ipite ikifagia majani. Kisha akaazima ungo wa Hedwiga, akaulaza chini, akawa analenga hapo mpira unapotakiwa kutua, habari za shimo akaziweka kando. Mipira ya mwanzo iliishia kwenye kahawa iliyoanikwa, na maneno aliyoyapata kwa mkewe hayaandikiki. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na ungo ukaanza kupokea mipira.

Jumamosi ikafika. Katika shindano hilo wote wawili hupiga, wakachagua mpira uliokaa vizuri, kisha wote wakapiga tena kutoka hapo. Lengai, Mwarusha wa Olasiti mwenye mikono mirefu, alituma mipira mbali hadi watu wakapiga miluzi. Karibu na shimo, nguvu zile hazikuwa na breki. Mwalimu aliokoa mashimo ya mwanzo, halafu katikati hofu ikamwingia, jembe likarudi, akachimba uwanja mbele za watu.

Kwenye shimo la mwisho mpira wao ulitua nyuma ya bunka, lile dimbwi la mchanga la kuwatega wachezaji. Lengai akapiga kwanza, mpira ukavuka kila kitu ukapotelea kichakani.

"Nimeharibu. Malizia wewe, Mwalimu."

Abdiel alichagua kipande cha majani ng'ambo ya mchanga, akakikodolea macho hicho tu. Mikono ikalegea. Mpira ukapaa, ukatua pale pale, ukabingirika polepole na kusimama kando ya shimo. Akausukuma ndani. Ushindi ulikwenda kwa wengine, lakini yeye alicheka kama mtoto.

Baadaye wakakaa barazani na chai.

"Baba Yiamat," Abdiel alimwambia Lengai, "nikuambie ukweli. Nilikusudia nikiharibu leo nikuache. Yule Joel wa hapa klabuni ana bega zima, na alikuomba mcheze wote. Mbona hukumchukua?"

Lengai alipuliza chai yake. "Nilipokuwa morani kule Oldonyo Sambu, kunywa maziwa peke yako ilikuwa mwiko. Hata kama njaa inakuua, unabeba kibuyu mpaka umpate mwenzako wa rika. Siku moja nikamkuta wangu anaumwa, hawezi hata kukaa. Nikamsubiri."

"Na maziwa?"

"Yakaganda. Alipopata nafuu tukanywa mgando."

Abdiel akaweka kikombe chini. "Mwaka mzima huu nilipokuwa najiuguza," akauliza, "mashindano ya wawili ulicheza na nani?"

"Sikucheza."

Machozi yakamtoka Mwalimu Abdiel, na hakuyafuta. Akaushika mkono wa Lengai kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante, ndugu yangu," akasema. "Ahsante sana."