Mboga ya Sungura

Mimi hupakua kabeji sokoni Kongowea. Kwangu mboga ni kitu kinachoshuka kwenye lori. Kinachojiotea nyuma ya choo ni magugu, na magugu hayo mama yangu alikuwa akiyapalilia na kuyamwagilia maji ya kusuuzia vyombo kama anamwogesha mtoto.

Mtsunga. Majani yake ni membamba, yana meno. Ukiukata unatoa maziwa, ukiutafuna unatema. Mama alikuja nao kutoka kijijini Ganze alipohamia kwetu Mtopanga, na sima bila mtsunga hakuiita chakula.

Jumapili wakwe walikuja kumposa binti yangu Winfred. Wajaluo, watu wa kazi ya bandarini, wana gari lao. Sikutaka watuone mafukara. Asubuhi nikamwambia Mama, "Leo kuna kuku na kabeji. Hiyo sufuria yako ibaki jikoni."

"Na mimi nibaki nayo?"

"Ukipenda."

Nilisema hivyo. Nilikuwa nafikiria viti vitatosha vipi.

Mama Jacktone, mzazi wa kijana aliyekuja kuposa, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Kabla ya chakula aliomba kwenda msalani. Aliporudi alikuwa na jani mkononi, analinusa.

"Baba Winfred, hii mmepanda pale nyuma ni nini? Inatunzwa vizuri sana."

Wote wakanitazama. Nikisema ni mboga, watajua tunakula nyasi.

"Ya sungura hiyo."

"Aa. Na sungura wenyewe wako wapi?"

Sina sungura. Hata kuku sijawahi kufuga. Mke wangu akainamisha kichwa. Pazia la jikoni likafunguka, Mama akatoka, leso kiunoni, bakuli mkononi.

"Karibuni, wageni. Sungura ndiye mimi," akasema. "Msiogope, siumi."

Jacktone akacheka, akadhani ni utani wa nyumbani. Mama yake hakucheka. Alinitazama mimi kwanza. Kisha akainuka, akampa mama yangu kiti chake.

"Shikamoo, mama. Unakula nini bila sisi?"

"Marahaba. Majani tu, mwanangu. Machungu."

"Hebu nipe."

Akamega sima, akachovya, akafumba macho. Mimi nikaangalia kabeji yangu.

"Kwetu pia tuna mboga chungu," akasema, "lakini tunailaza na maziwa. Hii ni nazi, sivyo? Shemeji Nicanor, onja hapa."

Nicanor, mdogo wa mumewe aliyekuja naye, akaonja, akalivutia bakuli kwake. "Kuku mwekeeni Baba Winfred," akasema. "Huyu si sungura."

Wakacheka wote, hata Winfred. Hawakucheka kwa ubaya. Bora wangenitukana.

Posa ilikubaliwa. Wakati wa kuondoka Mama aling'oa miche pamoja na udongo wake, akaifunga kwenye gazeti, akamweleza Mama Jacktone: chemsha, maji ya kwanza mwaga, kamua, ndipo utie tui. Usiuchume ukishatoa maua. Mimi nilisimama kando nimeshika jembe ambalo hakuna aliyeniomba. Miaka yote aliyokaa kwangu sikuwahi kumsikia akieleza hayo. Sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake nilitoka sokoni mapema, nikaingia jikoni moja kwa moja. Mama alikuwa anakula. Nikachutama karibu naye, jambo ambalo sijalifanya tangu nikiwa mtoto.

"Mama, nami nipe kidogo."

Alinawa mikono, akafunua sufuria nyingine, akanipakulia kabeji ya jana na paja la kuku lililobaki. Akaniletea maji ya kunawa. Akaniwekea sahani mbele, taratibu, kama mtu anayemhudumia mgeni.

"Chakula cha watu hicho, Kenga," akasema. "Kula."

Nikala. Yeye akageuza kigoda, akanipa mgongo, akamaliza bakuli lake.