Vibonye vya Kinanda cha Kibarani

Mwalimu Jedida alikuwa akipiga kinanda cha kanisa la Kibarani tangu kilipokuwa cha kukanyaga kwa miguu. Mwaka wa 1986 wageni wakaleta zawadi ya kinanda cha umeme, chenye ngoma na gitaa ndani yake. Ukibonyeza kibonye cha mdundo, kinakusindikiza kama bendi nzima.

Kero ilikuwa hivyo vibonye. Kumi na sita, vyote sawasawa kama punje za mahindi, na maandishi ya kutafutia tochi. Macho yako kitabuni, mikono iko kazini. Sasa kibonye akitafute kwa pua?

"Mzee Gitau, niruhusu nibandike vipande vya msasa," alimwomba mwenyekiti wa kamati. "Cha polepole kikwaruze, cha samba, ule mdundo wa dansi, kiwe laini. Kidole kitajua chenyewe."

"Mwalimu, zawadi haitiwi viraka. Fanya mazoezi."

Akafanya. Lakini siku ya mazishi ya muumini mmoja, Kombe, kwaya ilipoanza wimbo wa kumuaga, alipapasa, akabonyeza, na samba ikalipuka kanisa zima. Alipofanikiwa kuizima, mtu alikuwa ameshacheka.

Jioni alikwenda kumwomba radhi mjane wa Kombe, Hannah.

"Watu wanasema mmemchezea mume wangu ngoma," Hannah alisema, hata hakumkaribisha kiti.

Kesho yake Jedida alinunua msasa na gundi, akabandika bila kumuuliza mtu. Kwenye mazoezi ya Alhamisi alipiga nyimbo sita pasipo kuangalia chini hata mara moja.

Jumapili alikuta vipande vyote vimebanduliwa kwa kisu.

"Nani kafanya hivi?"

"Kamati," alisema Gitau.

"Kamati ndiyo inayopiga kinanda?" Jedida aliondoka kwenye stuli. "Haya, njoo uanzishe wimbo wa kwanza."

Gitau akasogea, kwaya ikimtazama. Akabonyeza: samba. Akabonyeza tena: ikazidi kasi. Akajaribu vingine vitatu, jasho likimtoka, mwisho akachomoa waya ukutani.

"Basi, bandika," alisema kwa sauti ya chini.

Jedida aliinama akaviangalia vibonye. Hakuhisi furaha yoyote.

"Kisu chenu kimekwangua hata majina ya vibonye, Mzee. Sasa sijui kipi ni kipi."

Akachomeka waya, akavuta stuli, akaanza kujaribu kibonye kimoja kimoja, huku waumini wakingoja.