Kizibao Chenye Jasho la Rezo

Kijijini kwao, katika jimbo la Kakheti, watu walimtania Tsiala kwamba nyumbani kwake hata nzi huvua viatu mlangoni. Aliukemea utani huo mbele za watu, lakini moyoni ulimpendeza. Kwa hiyo mwanawe Rezo alipotoka jipu kwapani, jekundu na la moto, Tsiala hakuona ugonjwa. Aliona aibu imeingia kwake bila kupiga hodi.

"Ukiulizwa, sema umeumwa na buibui," alimwambia.

Alimpa vidonge vya amoksilini vilivyobaki kabatini. Jipu halikushtuka, na likaota jingine pembeni yake. Ndipo akampeleka kimya kimya mpaka mji mkuu, Tbilisi, kwa daktari asiyemjua mtu yeyote wa kwao. Daktari alipasua, akachukua usaha wa kupima, na majibu yalipotoka akawaambia bila kuzunguka: hii ni stafilokoki, bakteria sugu, amoksilini na nduguze haziiwezi. Akampa dawa nyingine. Akamwonya Rezo asicheze mieleka mpaka kidonda kikauke, na asichangie na mtu taulo, wembe wala nguo.

Sikukuu ya kijiji ilifika kidonda kingali kinatoa maji. Rezo ndiye aliyekuwa tegemeo lao uwanjani, na angekosekana watu wangeuliza kulikoni. Tsiala akakibandika plasta kwa mkono wake mwenyewe, akamwacha aende.

Mieleka ya kwao huchezwa na kizibao cha turubai, na kijiji kilikuwa na viwili tu. Wawili wakimaliza, huvivua vikiwa vimelowa jasho, na wawili wanaofuata huvivaa hivyo hivyo. Kukifuta kwanza ni kumtukana aliyekivua. Rezo alishinda. Alipompa mama yake kizibao amvike anayefuata, Tsiala aliiona plasta imebanduka na kunata ndani yake. Aliyekuwa akisubiri zamu ni Gocha, mwana wa shoga yake Lamara, kijana ambaye Tsiala ndiye aliyemsimamia ubatizo. Alikuwa na mchubuko mbichi begani. Ngoma ilikuwa inapigwa na watu wanatazama. Tsiala aliibandua plasta, akaificha kiganjani, akamvika Gocha kizibao.

Siku chache baada ya sikukuu, Gocha alikuwa amelazwa hospitali, bega limeumuka, homa haishuki, hajitambui. Mama hao wawili walikaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Ni mimi, Tsiala," Lamara alisema huku akilia. "Vile vizibao si nilivifua mimi kabla ya sikukuu? Maji baridi, sabuni kiduchu, uvivu mtupu! Mama mkwe amenipa yangu leo. Ananiambia, mchafu wewe, utaniulia mjukuu."

"Usiseme hivyo, shoga yangu."

"Ungevifua wewe, yasingetokea haya."

Tsiala aliona uso unamwaka moto. Lamara alikuwa amemshika mkono, na mkono wenyewe ulikuwa ule ule ulioficha plasta. Alitamani ardhi ipasuke. Kwa mkono wa pili alimfuta Lamara machozi, na kwa kufanya hivyo alijichukia.

Daktari alitoka wodini. "Mama Gocha, dawa yangu haifanyi kazi, na majibu ya maabara bado. Kuna mtu wenu yeyote aliyetoka jipu lisilosikia dawa? Nikijua, nabadilisha sasa hivi. Tukisubiri, tunaweza kuchelewa."

"Hakuna, daktari. Ni uchafu wangu tu."

"Uchafu gani, mama? Hata mimi naweza kuwa na bakteria wa majipu hayo puani sasa hivi. Wanahama kwa kugusana, kwa taulo, kwa nguo. Hawachagui msafi wala mchafu."

Kumbe hata aibu yenyewe ilikuwa ya bure! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakumwambia Tsiala kwamba kifo hicho kinaweza kuwa cha mtoto wa mwenzake.

"Rezo," alisema. "Mwanangu Rezo alikuwa nalo. Halikuwa la buibui. Amoksilini ilishindwa, mpaka Tbilisi wakampa dawa nyingine." Akaitaja dawa, na daktari aliyempa.

Daktari hakungoja zaidi. Alirudi wodini mbio, akiita wauguzi.

Lamara aliuachia mkono wa Tsiala taratibu.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya sikukuu."

"Kabla ya sikukuu." Lamara aliitazama ile mikono misafi iliyosifiwa kijiji kizima. "Na wewe ndiye uliyemvika. Nilikuona, Tsiala. Nikasema moyoni, tazama mama yake wa ubatizo anavyompenda."

Tsiala alitaka kupiga magoti. Lamara alimzuia kwa kiganja.

"Usinipigie magoti mimi. Nenda kanawe mikono, halafu urudi ukae hapa. Gocha akizinduka, utamwambia wewe mwenyewe."

Tsiala akainuka, akaenda kunawa.