Rangi Namba Tano

Nasma alipangusa vumbi la mashudu kwenye kioo cha kompyuta kwa upindo wa kanga, akafungua programu aliyoiandika mwenyewe. Ilichora nembo ya mafuta ya alizeti ya Mansuri, mmoja wa watu wa kwanza kufunga kinu chake binafsi pale Singida mjini serikali ilipofungulia biashara watu binafsi.

Kompyuta ilikuwa na rangi kumi na sita. Nukta za picha hazikubeba rangi, zilibeba namba tu; rangi zenyewe zilikaa kwenye jedwali. Ukibadilisha rangi moja jedwalini, kila kitu chenye namba yake kinabadilika papo hapo. Wiki iliyopita Nasma aliikoleza njano, na mashamba ya alizeti yakakolea mpaka Issuna. Wakulima walisema mwaka huu mvua imekubali.

Pembeni ya picha, karibu na mashine ya kinu alikokuwa akifanya kazi, alimchora marehemu baba yake, Mselemu, na sweta lake la zambarau. Namba tano. Mama yake, Chiku, alilifuma kwa ajili ya upepo wa Juni. Mkanda wa mashine haukuwa na kifuniko. Ulinasa mkono wa sweta, ukamvuta Mselemu. Sweta lilirudi nyumbani limechanika, likatundikwa msumarini.

Mansuri aliingia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jina langu nalitaka la dhahabu."

"Namba zimekwisha, Mzee. Dhahabu ikiingia, rangi moja itoke."

Mansuri aliinama, akagusa kioo. "Tumia namba hii ya sweta. Iko mahali pamoja tu. Baba yako hatagomba."

Alipotoka, Nasma alivuta kibodi karibu. Dhahabu ikiingia jedwalini, sweta la msumarini nalo lingegeuka, na mama yake asingebaki na kitu. Akaliandika jina la Mansuri kwa namba tano. Jedwali hakuligusa.

Adhuhuri jina hilo lilikuwa zambarau getini, kwenye mlango wa lori, na kwenye madebe yaliyokwisha kufika Nduguti.

"Ndiyo dhahabu hii?" Mansuri aliuliza.

"Ndiyo namba uliyoonyesha, Mzee."

Fundi alipaka geti upya mara mbili. Rangi ilipokauka ilikuwa zambarau. Wanunuzi wakaanza kuulizia mafuta ya zambarau, wakiyaacha mengine, na Mansuri akamwambia fundi aende zake.

Jumamosi Chiku alisimama na Nasma sokoni mbele ya madebe yaliyopangwa hadi darini.

"Rangi ya baba yako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nililifuma mwenyewe lile," akamwambia muuza duka, ambaye hakuwa ameuliza. Kisha akaweka mtandio wake sawa, akapita katikati ya soko, polepole, kila mtu amwone.

Mwezi uliofuata Mansuri aliwashonea wafanyakazi ovaroli zenye jina lake mgongoni, zambarau. Mkanda ulizunguka wazi kama zamani, na kila aliyepita karibu nao aliikusanya ovaroli kifuani kwa mkono mmoja.