Shahidi Aliyekunywa Fanta

Nitaanza na mawe, kwa sababu watu wa komite siku hizi wanazungumza kana kwamba kivuko chetu cha Keshero kilishuka kutoka mbinguni. Mwaka ule volkano iliposhuka mjini, sisi wanawake wanane tuliokuwa tunauza mananasi ya kisiwa cha Idjwi tulibeba mawe meusi kichwani mwezi mzima, tukajaza ukingo wa ziwa mpaka mitumbwi ikapata pa kutua. Hapakuwa na komite wala muhuri. Hayo yalikuja baadaye: kwanza ushirika, kisha mlinzi, kisha ofisi ya mabati.

Tulipomaliza, tuligawana nafasi za kuuzia. Mimi, Philomène, nilipewa ya kwanza kabisa, pale mtumbwi unapogusa mawe, kwa kuwa ndipo jiwe liliponivunja kidole cha mguu. Tulifanya kama wanavyofanya kwetu Masisi mtu akipewa shamba au ng'ombe. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iliwekwa katikati, na mashahidi wanne wakanywa mbele ya wote. Aliyekunywa amefungwa na ushahidi wake maisha yote, na kudai karatasi juu ya kinywaji hicho ni kumwita mwongo. Sikudai karatasi.

Shahidi wa nne alikuwa Éphraïm, fundi aliyetuonyesha jinsi ya kupanga mawe yasisombwe na mawimbi. Alikuwa ameokoka, pombe hagusi. Nikakimbia dukani mwenyewe nikamletea Fanta. Tulimtania kidogo, naye akainywa yote, na mbele ya kila mtu ikahesabika sawa na kasiksi.

Mwaka huu kivuko kinajengwa upya kwa saruji. Komite ikatangaza kwamba wenye nafasi za tangu mwanzo watabaki nazo, wengine watatafuta pengine. Mashahidi watatu wamekwisha kufa, na wenzangu saba wa mawe walishatawanyika. Sikuwa na wasiwasi hata chembe, maana Éphraïm tunasali naye kanisa moja na watoto wangu wanamwita baba mkubwa. Mjinga ni mimi.

Siku ya mkutano, Balagizi, mkuu wa komite, aliniuliza mbele ya wote.

"Mama Philomène, uko na karatasi?"

"Niko na mushahidi. Alikunywa."

Watu wakamgeukia Éphraïm. Yeye alikuwa anaangalia kofia yake.

"Miye sinywaka pombe," akasema polepole. "Kanisa yote inajua."

Ni kweli, kanisa lote linajua. Watu wakatikisa vichwa kukubali, na yeye hakuwa amesema uongo hata neno moja. Hilo ndilo lililonichoma. Nilipotaja Fanta, wakacheka. Kisha Balagizi akasoma orodha mpya: nafasi ya kwanza, Uwingabire, binti wa Éphraïm. Jina lilikuwa limeshapigwa kwa mashine kabla hatujakaa.

Jumamosi, jua likiwa bado kali, Éphraïm akaja kwangu. Alisimama mlangoni na kofia ile ile mkononi.

"Mama Philomène, unisamehe tu. Mutoto yangu hana kazi. Kesho ku kanisa unisalimiye mbele ya batu, banaanza kuongea."

Sikumtukana, ingawa matusi yalikuwa yamejaa mdomoni. Nilimpa kiti uani, nikawaita majirani watatu wakae nasi. Nikaenda dukani kwa miguu yangu, kama siku ile, nikarudi na Fanta. Nikaifungua, nikaiweka mezani mbele yake.

"Unywe kwanza, Papa Éphraïm. Kisha useme mbele ya hawa yenye ilikuleta."

Akaishika chupa. Majirani wakamtazama. Akaiinua mpaka karibu na mdomo, kisha akairudisha mezani bila kuonja. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile ya kugawana nafasi aliikumbuka vizuri kuliko sisi sote.